Pikipiki Isiyo na Nambari

Wasomaji wapenzi, mambo tunayotaka kuyaeleza leo si ya kujisifia. Kama yangalimpata mtu mwingine tungaliyasimulia kwa sauti kubwa na kuyafanya mafundisho. Lakini yalitupata sisi wenyewe, mwalimu wa shule, na kwa hiyo twayaandika kwa haya. Hata hivyo twaona ni heri tuaibike kidogo mbele yenu kuliko ninyi mtumbukie katika shimo lile lile tulilotumbukia sisi.

Mwaka wa 2022 tulihamishiwa shule iliyo mlimani, mwendo wa kilomita 14 kutoka barabara kuu. Aijuaye njia ya namna hiyo haitaji kuelezwa mengi. Basi la abiria halifiki huko. Wakati wa masika udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na wakati wa kiangazi vumbi huingia hata katika chungu cha mboga. Benki iko mjini, duka la dawa liko mjini, chaki na madaftari yako mjini. Kwa muda wa mwaka mzima tulikwenda kwa miguu, au tulipakiwa na vijana wa bodaboda kwa nauli iliyokula mshahara wetu kama mchwa alavyo mti. Ndipo tukaazimia kununua pikipiki yetu wenyewe.

Dukani pikipiki mpya ilikuwa imepita shilingi 2,500,000. Sisi tulikuwa na shilingi 800,000 tu, tulizoziweka kidogo kidogo. Basi mtu mmoja, ambaye tulimfahamu kwa sura tu maana alikuwa akija mnadani kila mwezi, akatuambia anayo pikipiki nzuri, haijatimiza mwaka, naye anaiuza kwa shilingi 800,000 hizo hizo. Tulipoiona tulifurahi. Injini iliitika mara moja, matairi yalikuwa na meno, taa zote ziliwaka. Neno moja tu lilipungua: nyuma, mahali pa kibao cha nambari, palikuwa na matundu mawili ya skrubu na hapakuwa na kitu kingine. Tukamwuliza habari ya nambari na habari ya kadi. Akacheka, akatuambia, "Mwalimu, hayo ni mambo ya watu wa mjini. Huku shamba nani atakuuliza? Utaandikisha pole pole."

Twaungama ya kuwa maneno yale yalitupendeza kwa sababu tulitaka yatupendeze. Tukahesabu fedha, tukampa, akazitia mfukoni, wala hakutuandikia hata stakabadhi. Sisi tunaofungua kitabu cha mahudhurio kila asubuhi na kuita jina la kila mtoto. Sisi tusiompokea mwanafunzi mgeni mpaka ameleta barua ya shule alikotoka. Sisi tulikipokea chombo kisicho na jina wala asili, tukakipanda, tukaenda nacho nyumbani tukiimba.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya raha. Safari iliyotuchukua saa tatu ikawa ya nusu saa. Lakini pole pole tuliona ya kuwa pikipiki ile ilikuwa ikitufundisha tabia ambayo hatukuwa nayo. Tulijifunza siku ambazo askari wa usalama barabarani husimama njia panda, na siku hizo hatukushuka mjini. Tulijifunza njia ya ng'ombe ipitayo nyuma ya mashamba ya mahindi. Siku ya mnada tuliondoka kabla ya jogoo kuwika, tukarudi giza limekwisha kuingia. Mtu ambaye hajaiba kitu alikuwa akitembea kama mwizi.

Siku moja, wakati wa mapumziko, mtoto wa darasa la pili alisimama nyuma ya pikipiki yetu akaitazama sana. Kisha akatuuliza, "Mwalimu, mbona pikipiki yako haina namba kama ile ya mganga wa zahanati?" Tukamjibu ya kuwa nambari iko njiani inakuja. Mtoto akaridhika, akaenda zake kucheza. Sisi hatukuridhika. Haikuwa njiani; hatukuwa tumeandika hata barua moja. Tulikuwa tumemdanganya mtoto tuliyempa adhabu juma lililotangulia kwa kosa la kudanganya.

Sasa twafika katika jambo lenyewe. Mwezi wa Juni mwaka wa 2023, siku ya Ijumaa, jua likichwa, mtoto wa darasa la nne alikuwa akirudi kutoka kisimani na ndoo kichwani. Pikipiki ilishuka mlimani kwa kasi, ikampiga, ikamwangusha mtaroni. Mwendeshaji aliyumba, akajishika, akatazama nyuma mara moja, akaenda zake. Wanawake wawili waliokuwa shambani walipiga ukelele na kukimbia njiani. Walifanya kama ambavyo mtu yeyote angefanya: walitazama nyuma ya ile pikipiki wapate kuishika nambari. Waliona wekundu wa tangi na vumbi. Nambari haikuwapo.

Mtoto alivunjika mguu chini ya goti. Akapelekwa zahanati usiku ule ule, na asubuhi yake hospitali ya wilaya.

Sisi tulikuwa shuleni jioni ile, peke yetu, tukisahihisha mitihani. Tulisikia ukelele kwa mbali tukadhani ni nyani wamevamia mahindi. Saa mbili usiku, tulipokuwa tumekwisha kula, tukasikia hodi mlangoni. Tukafungua. Alikuwa babu yake yule mtoto, mzee tunayemheshimu sana, pamoja na wanaume wanne wenye tochi. Tukamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akajibu, "Marahaba, Mwalimu," lakini hakuketi tulipomkaribisha kiti.

Akasema, "Mwalimu, hatukuja kwa ugomvi. Mjukuu wangu amelala zahanati, mguu umevunjika. Walioona wanasema aliyempiga alipanda pikipiki nyekundu isiyo na namba. Katika kijiji hiki pikipiki nyekundu zisizo na namba ziko mbili. Moja tumekwisha kuiona, imefunguliwa injini tangu Jumatatu. Ya pili iko hapa kwako. Twaomba tuione."

Wasomaji, hatukuwa na kosa katika jambo lile. Lakini tulipotaka kulisema hilo tuliona hatuna la kushika mkononi. Nani alituona shuleni? Hakuna. Pikipiki yetu ilikuwa wapi? Chini ya mwembe, nyuma ya darasa, mahali pasipopita mtu. Wakaimulika kwa tochi toka mbele hata nyuma. Kwenye bamba la tope la mbele palikuwa na mbonyeo, kwa kuwa wakati wa masika tuliteleza tukaangukia jiwe. Mmoja wao akaweka kidole pale, akauliza, "Na hii ni nini, Mwalimu?" Tukaeleza. Tulisikia sauti yetu wenyewe ikitetemeka kama sauti ya mtu aliye na hatia.

Yule mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nimesikia, Mwalimu." Hakusema "Nimeamini." Wakaondoka, na nuru za tochi zao zikashuka kilima moja nyuma ya nyingine. Usiku ule hatukupata usingizi.

Ndipo tulipofahamu neno ambalo hatukulifikiri kamwe. Tulikuwa tukidhani nambari ni mali ya askari, kitu cha kumkamatia mwenye chombo. Lakini kama pikipiki yetu ingalikuwa na nambari, wale wanawake wawili wangalisema mara moja, "Siyo hii, ile ilikuwa tupu nyuma." Nambari ambayo ingalimshtaki mwenye kosa ndiyo ambayo ingalitutetea sisi. Kwa kukikataa kibao kile tulikuwa tumejitia katika kundi la wasiojulikana, na asiyejulikana hubeba makosa ya wote wasiojulikana.

Kwa muda wa siku 11 tuliishi hivyo. Watu walitusalimu, lakini salamu zilikuwa fupi. Mama mmoja aliyekuwa akitupelekea maziwa alianza kuyatuma kwa mtoto. Mwishowe yule mgonjwa alipopata nguvu ya kusema sawasawa, aliwaambia wazazi wake ya kuwa mwendeshaji alikuwa amefunga magunia mawili ya mkaa nyuma, tena hakuwa mtu anayemjua. Na mwalimu wake angemjua hata gizani. Babu yake akaja kwetu siku ile ile. Safari hii aliketi. Akanywa uji pamoja nasi, wala hakuyataja yaliyopita. Nasi pia hatukuyataja.

Yule mwendeshaji hajapatikana hata leo. Sheria ya nchi yetu, yaani Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye chombo kukikatia bima, ili mtu wa njiani akiumizwa asikose wa kumlipa. Lakini ili kudai kwa mwenye bima yapasa kwanza kujua ni chombo gani kilichoumiza. Kwa mtoto huyu hakikujulikana chombo, kwa hiyo hapakuwa na wa kudaiwa. Babu yake aliuza ng'ombe mmoja, kisha wa pili. Hiyo ndiyo adhabu ya chombo kisichoandikishwa, nayo ilitozwa kwa mtu asiyekuwa na pikipiki maisha yake yote.

Juma lililofuata tuliazimia kwenda mjini kuiandikisha yetu. Hatukuipanda, tuliilipia nafasi katika lori la viazi, maana tuliona haya kuiendesha tena barabarani. Tukaenda kwanza kituo cha polisi kueleza habari zote, kisha ofisi ya kodi. Karani alitupokea kwa upole. Akatuomba kadi, hatuna. Mkataba wa mauziano, hatuna. Karatasi za forodha; hatuna. Akachukua kitambaa, akafuta grisi kwenye shingo ya pikipiki, akasoma tarakimu zilizogongwa katika chuma cha fremu, kisha zile za injini. Akatafuta katika kompyuta yake kwa muda mrefu. Akatuambia ya kuwa pikipiki ile haikupata kuingia nchini kwa njia ya halali: ilivushwa mpakani bila kulipiwa ushuru.

Hapo tukajifunza jambo jingine. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, mali iliyoingizwa bila kulipiwa ushuru yaweza kutaifishwa, hata ikiwa mikononi mwa mtu aliyeinunua kwa fedha zake. Hatukubisha. Pikipiki ikabaki pale. Tukalipa faini ya shilingi 10,000 kwa kosa la barabarani, tukapewa karatasi yake, tukarudi kwa miguu kutoka barabara kuu, kilomita zote 14. Hesabu ya safari ile kila mtoto wa darasa la tatu aweza kuifanya: faini shilingi 10,000, hasara shilingi 800,000. Wengi huiogopa faini, nasi tulikuwa miongoni mwao. Kumbe faini ndiyo sehemu ndogo kuliko zote.

Njiani, na jioni nyingi baada ya hapo, tulijiuliza asili ya desturi hii ya nambari. Kwa kuwa kazi yetu ni kusoma na kufundisha, tulitafuta vitabuni, na tuliyoyapata yalitustaajabisha.

Mahali pa kwanza palipojulikana kwa amri ya namna hii ni mji wa Paris, katika Ufaransa. Tarehe 14 Agosti mwaka 1893 mkuu wa polisi wa mji ule alitoa amri kwamba kila motokaa ibebe bamba la chuma lenye jina la mwenyewe, mahali anapokaa, na nambari aliyopewa. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1903, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1904. Kila mwenye motokaa alitakiwa kuiandikisha kwa shilingi 20 za nchi ile, na mwenye pikipiki kwa shilingi 5. Sheria ile iliruhusu mwendo wa maili 20, yaani kama kilomita 32, kwa saa. Aliyevunja amri ya nambari aliweza kutozwa hata pauni 20 kwa kosa la kwanza. Akirudia, hata pauni 50, au kufungwa gerezani miezi mitatu.

Sasa angalieni, enyi wasomaji. Siku zile ni nani aliyekuwa na motokaa? Si mkulima wala fundi wa viatu, bali matajiri na mabwana wakubwa. Walipita vijijini kwa kasi, wakiwatimulia watu vumbi, wakikanyaga kuku na kuogofya farasi, kisha wakatoweka. Na mwanakijiji aliyebaki njiani hakujua amshtaki nani. Basi nambari haikubuniwa kumwonea maskini. Ilibuniwa ili maskini aliye kando ya njia apate neno la kumshika nalo tajiri anayepita. Tangu tulipolisoma hilo hatujaweza tena kukiita kibao kile mzigo wa wanyonge.

Katika nchi yetu ya Tanzania mambo haya yamo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na kazi ya kuandikisha vyombo iko mikononi mwa Mamlaka ya Mapato, yaani TRA. Gari hupewa herufi T, tarakimu tatu, na herufi tatu. Pikipiki hutangulizwa herufi MC. Pamoja na kibao hutolewa kadi iliyoandikwa jina la mwenyewe, rangi ya chombo, na zile tarakimu za fremu na za injini. Kwa hiyo nambari tunayoiona nyuma ni kama jina la kuitia. Jina lenyewe limechorwa ndani ya chuma. Mtu aweza kung'oa kibao kwa bisibisi, lakini tarakimu za fremu hazing'oki, na akizikwangua alama ya kukwangua hubaki kumshuhudia.

Nchi nyingine nazo zina viboko vyao. Katika Kenya kanuni za mwaka 2016 zilimwekea faini ya shilingi 10,000 za Kenya mtu aendeshaye gari lisilo na vibao vya nambari, au lenye vibao vilivyofungwa isivyo halali. Katika Uingereza ya leo, kwa sheria ya mwaka 1994, kutoonyesha nambari ipasavyo kwaweza kumgharimu mtu hata pauni 1,000. Kwetu, mwaka wa 2021, Serikali ilipunguza tozo ya papo kwa papo kwa makosa ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000 kwa kosa moja, kwa maana haikuwa haki mwenye pikipiki alipe sawasawa na mwenye lori au basi. Twaona punguzo lile lilikuwa la haki. Adhabu inayozidi uwezo wa mtu haimfundishi kutii, humfundisha kukimbia. Na mwenye kukimbia askari kwa pikipiki huua au hufa.

Tena hatupendi kuonekana kama watu wasiojua shida za wenzao. Ziko sababu zinazowafanya wengi vijijini wakae na vyombo visivyoandikishwa, wala si zote za hila. Ofisi iko mbali, na safari ya siku mbili humpotezea mtu kazi ya siku mbili. Huambiwa alete namba ya mlipa kodi, naye hajapata kuisikia. Mwingine amenunua pikipiki kwa jirani, jirani amekufa, na kadi ina jina la marehemu. Mwingine kibao chake kimevunjika kwa mawe ya njia, naye ameahirisha kutengeneza kipya mwezi hata mwezi. Watu hawa si wezi. Hizo hizo pikipiki zao ndizo zinazobeba wajawazito usiku kwenda zahanati, mahali ambapo gari la wagonjwa halifiki. Na twamjua mama mmoja aliyeokoka yeye na mwanawe kwa sababu kijana wa bodaboda hakuuliza nauli kwanza.

Lakini hapo hapo ndipo tunapotaka kuwaambia neno, kwa upendo. Kijana yule atendaye mema kwa pikipiki isiyo na nambari hatofautiani, kwa macho ya mtu aliye kando ya njia, na yule aliyemwacha mtoto mtaroni. Wote wawili ni wekundu wa tangi na vumbi. Wema wake hauna mahali pa kuandikwa. Siku atakaposingiziwa, kama sisi tulivyodhaniwa, atatamani sana kile kibao anachokidharau leo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Nasi tumempokea mjukuu huyo nyumbani kwetu, twajua sura yake.

Basi yafaa kufanya nini? Mashauri yetu ni machache, nayo yamelipiwa shilingi 800,000.

Kwanza, usinunue pikipiki kwa kusikiliza mlio wa injini tu. Omba kadi. Kisha futa grisi kwenye shingo ya fremu, usome tarakimu moja moja, uzilinganishe na za kadi. Fanya hivyo na kwa injini. Zikipishana hata moja, rudisha fedha mfukoni uende zako, hata kama muuzaji ni mjomba wako.

Pili, mauziano yaandikwe. Nenda na muuzaji kwa mtendaji wa kijiji, mwandike jina, bei na tarehe, na mashahidi watie sahihi. Kisha msiache kadi katika jina la mwenye zamani. Wako watu walioitwa polisi kwa ajili ya pikipiki waliyoiuza muda mrefu uliopita, kwa sababu kitabuni jina lilikuwa lao bado. Kumaliza jambo hilo mapema ni faida ya anayeuza kama ilivyo ya anayenunua.

Tatu, wenye pikipiki wa kijiji kimoja washirikiane. Safari ambayo ni mzigo kwa mtu mmoja huwa nyepesi kwa watu kumi. Katika kijiji chetu vijana wa bodaboda walikubaliana mwaka wa 2024 kumtuma mwenzao mmoja mjini kuuliza kila karatasi inayotakiwa, akarudi na orodha, wakaibandika ukutani kwenye kijiwe chao. Walichanga nauli. Walikwenda wanne wanne, wengine wakibaki kijijini ili kusikose wa kubeba mgonjwa. Kazi hiyo ilichukua miezi mitatu. Pikipiki mbili zilionekana kuwa na asili mbaya kama yetu zikapotea, na wenyewe walihuzunika. Lakini 17 zilirudi na vibao.

Nne, na hili ni kwetu sisi tunaoitwa walimu, wazee na viongozi: tusiseme "huku shamba nani atakuuliza." Aliyetuuliza sisi hakuwa askari, bali mtoto wa darasa la pili wakati wa mapumziko, na baadaye mzee mwenye tochi. Hao hawana mamlaka ya kutoza faini, na maswali yao ndiyo tuliyoshindwa kuyajibu.

Yule mtoto aliyevunjika mguu alirudi shuleni baada ya miezi mitano. Anachechemea kidogo, hasa siku za baridi, na mpira hachezi tena. Hukaa pembeni akihesabu mabao. Amekuwa hodari wa hesabu. Siku aliyorudi tulifungua kitabu cha mahudhurio, tukaita majina kama kawaida, na tulipofika jina lake akajibu, "Nipo, Mwalimu." Tukaweka alama yetu kwa wino.

Sisi twakwenda mjini kwa miguu bado, au twapakiwa na vijana wetu kwa nauli. Tumeanza tena kuweka akiba. Ikitimia, tutanunua pikipiki yenye kadi, hata ikiwa kuukuu na yenye kutoa moshi. Na kabla ya kuipanda tutamwita yule mtoto wa darasa la pili, ambaye sasa amepanda madarasa, asimame nyuma yake aisome nambari kwa sauti, ili tujue ya kuwa tumemlipa deni lake.